Theorema ni Kweli ya Namna Gani?

Watu huipokea kweli kwa njia nyingi. Njia moja ni ya macho: aliyeona moshi husadiki kuwa pana moto. Njia ya pili ni ya masikio: mtoto huamini neno la mzazi wake, na mwanafunzi huamini neno la mwalimu wake. Njia ya tatu ni ya wingi: neno lililoshuhudiwa na watu kumi hupata nguvu kuliko neno la mtu mmoja. Njia zote hizi zina kazi yake, na maisha hayawezi kwenda bila ya hizo. Lakini iko elimu moja isiyokubali kuwa hata moja ya njia hizo tatu yatosha. Elimu hiyo ni hisabati, na kweli inayoisimamisha huitwa theorema.

Neno hili ni la Kiyunani, na asili yake ni kutazama. Theorema ni jambo la kutazamwa, lakini kwa jicho la akili. Katika hisabati maana yake ni kauli iliyothibitishwa, yaani kauli iliyotolewa katika kauli nyingine zilizokubaliwa kabla yake, hatua kwa hatua, bila ya kurukwa hata hatua moja. Darasani aghalabu tunaiita kanuni, na hapana ubaya katika jina hilo kama hatusahau tofauti moja. Kanuni yaweza kuwekwa kwa amri. Kanuni ya barabara zetu yasema magari yapite kushoto. Serikali ikitaka, kesho yaweza kusema yapite kulia. Theorema haiwekwi kwa amri, wala kwa amri haiondoki. Basi, msomaji, swali letu ni hili: kitu kisichotegemea macho, wala neno la mkubwa, wala wingi wa mashahidi, kinasimama juu ya nini? Na mtu anayesema kuwa anakijua, anajua nini hasa?

Tuanze na theorema ambayo kila mwanafunzi wa sekondari amekutana nayo: pembe tatu za ndani za pembetatu, zikijumlishwa, ni digrii 180. Tuseme darasa la wanafunzi 40 limeambiwa kuchora pembetatu, kila mmoja yake, na kuzipima pembe zake. Mmoja atapata 180, mwingine 179, na mwingine 181 na nusu. Kalamu ina unene, karatasi ina mikunjo, na jicho lina upungufu. Hata kama wote 40 wangepata 180 kamili, wangekuwa wamepima pembetatu 40 tu, na pembetatu ziwezazo kuchorwa hazina idadi. Vipimo vyatupa dhana nzuri, havitupi yakini.

Sasa weka chini vipimo, ushike hoja. Chora pembetatu yoyote. Ncha yake ya juu uiite A, na ncha mbili za kitakoni uziite B na C. Kisha piga mstari unaopita katika A, ulio sambamba na kitako BC. Tazama pale A: chini ya mstari huo zimepangana pembe tatu. Ya katikati ni pembe ya pembetatu yenyewe. Ile iliyo upande wa B ni sawa na pembe ya B, kwa sababu mstari AB umekata mistari miwili sambamba, na mstari unaokata mistari sambamba hufanya nayo pembe zilizo sawa katika pande zinazopishana. Kwa sababu iyo hiyo, ile iliyo upande wa C ni sawa na pembe ya C. Basi pembe zote za pembetatu zimekutana pale A, zimelala bega kwa bega kando ya mstari mmoja ulionyoka. Na pembe zinazojaza upande mmoja wa mstari ulionyoka ni digrii 180. Neno limekwisha.

Usipite hapa kwa haraka, msomaji. Rudia hoja hiyo polepole, uangalie ni wapi tulipouliza pembetatu ni kubwa kiasi gani, au nyembamba kiasi gani, au imechorwa na nani. Hatukuuliza mahali popote. Kwa hiyo hoja moja imezitosheleza pembetatu zote za uso ulio bapa: zilizochorwa, zitakazochorwa, na zile ambazo hazitachorwa kamwe. Mpimaji aliyepima maisha yake yote hawezi kufika mahali ulipofika wewe kwa sentensi chache. Hiyo ndiyo nguvu ya theorema, na ndiyo sababu ya watu kuiheshimu.

Labda utajibu kuwa penye wengi hapaharibiki neno. Mifano ikiwa mingi ya kutosha na yote ikipatana, kwa nini tusiridhike? Methali hiyo ni njema katika shauri la wazee, lakini tuijaribu katika nambari. Iko nambari iitwayo tasa, ambayo haigawanyiki kwa nambari nyingine ila 1 na yenyewe. Chukua 1, uizidishe kwa nambari inayoifuata, kisha ujumlishe 41. Utapata 43, nayo ni tasa. Fanya vivyo kwa 2: mara 3 ni 6, na 41 ni 47, nayo ni tasa. Kwa 3 utapata 53, na kwa 4 utapata 61. Zote ni tasa. Endelea mpaka 39, utapata 1601, nayo ni tasa. Mifano 39 imesimama mstari mmoja kama askari, na hapana hata mmoja aliyetoka safuni. Nani hangekula kiapo kuwa wa 40 atafanya kama wenzake? Lakini 40 mara 41, ukijumlisha 41, ni 41 mara 41, yaani 1681, na nambari hiyo si tasa. Mashahidi 39 walisema kweli, kila mmoja kwa nafsi yake. Aliyekosea ni yule aliyeunga ushahidi wao kuwa hukumu ya wote.

Kosa la namna hii halikuwapata wadogo peke yao. Pierre de Fermat, Mfaransa aliyekuwa miongoni mwa wanahisabati wakubwa wa karne ya 17, aliziona nambari 3, 5, 17, 257 na 65537, zinazozaliwa kwa utaratibu mmoja, na zote ni tasa. Akasadiki kuwa zitakazofuata kwa utaratibu huo zitakuwa tasa pia. Mwaka 1732 Leonhard Euler alionyesha kuwa ile ya sita, 4294967297, ni 641 mara 6700417. Sifa kubwa ya Fermat haikuweza kuiokoa nambari yake.

Liko na fumbo lililo hai mpaka leo. Mwaka 1742 Christian Goldbach alimwandikia Euler barua, na katika mazungumzo yao likazaliwa kisio kwamba kila nambari shufwa iliyo kubwa kuliko 2, yaani kila nambari inayogawanyika kwa 2 baada ya hiyo 2 yenyewe, ni jumla ya nambari tasa mbili. Nane ni 3 na 5. Ishirini ni 7 na 13. Mia ni 3 na 97. Kwa kompyuta jambo hili limejaribiwa mpaka kufika 4 ikifuatwa na sifuri 18, na halikukosekana hata mara moja. Walakini wanahisabati hawaliiti theorema. Wanaliita kisio tu, na wanangoja. Elimu gani nyingine ina subira kama hii? Sisi wanadamu huona watu watatu wa kabila moja wametenda vibaya, tukalihukumu kabila zima. Hisabati imeona mifano isiyohesabika na ingali yakataa kuapa.

Sasa tutazame upande wa pili wa theorema, ambao wanafunzi wengi huusahau. Theorema haisemi tu kuwa jambo fulani ni kweli. Husema: ikiwa hili ni kweli, basi na lile ni kweli. Neno "ikiwa" ni dogo, lakini ndilo mlango wa nyumba. Katika hoja yetu ya pembetatu tuliazima mstari sambamba na tabia zake. Nani alitupa ruhusa? Euclid, aliyeandika kitabu chake cha jiometri katika mji wa Alexandria, Misri, yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, alikuwa mwaminifu katika jambo hili. Aliiweka kauli juu ya mistari ya namna hiyo miongoni mwa kauli za msingi, zile anazomwomba msomaji azikubali kabla ya kuanza safari. Kwa muda wa miaka kama 2000 wataalamu wengi, na miongoni mwao Omar Khayyam wa Uajemi, walijaribu kuithibitisha kauli hiyo kwa zile nyingine ili isihitaji kuombwa. Hawakufaulu. Kisha Nikolai Lobachevsky wa Urusi mwaka 1829, na János Bolyai wa Hungaria mwaka 1832, walichapisha jiometri iliyoiweka kando kauli hiyo na kufuata njia nyingine, na pembe za pembetatu zao hazikufika digrii 180.

Jambo hili lisikutishe kama fumbo la mbali, maana uso wa dunia yetu watoa mfano wake, ingawa kwa upande wa kuzidi. Ikweta yapita Nanyuki. Tuseme msafiri atoka Nanyuki, akaenda kaskazini moja kwa moja mpaka Ncha ya Kaskazini. Pale akageuka kwa pembe ya digrii 90, akashuka moja kwa moja mpaka Ikweta, akatokea karibu na kisiwa cha Halmahera, Indonesia. Kisha akaifuata Ikweta kurudi Nanyuki. Njia yake imefanya pembetatu kubwa juu ya uso wa dunia, na kila pembe yake ni ya digrii 90. Jumla ni 270. Je, theorema ya Euclid imevunjika? La hasha. Theorema ilisema habari za uso ulio bapa, na dunia ni mviringo. Aliyevunja ahadi si theorema. Ni mtu aliyeichukua ahadi na kuacha sharti lake.

Sharti likiwa na uzito huo, mpango wa maneno nao una uzito wake. Fundi anayepanga msingi wa nyumba hupima futi 3 katika kamba moja kutoka konani, na futi 4 katika kamba ya pili, kisha hupima mshazari kati ya alama hizo mbili. Ukiwa futi 5 kamili, ajua kuwa kona yake ni ya digrii 90 na chumba hakitakwenda upande. Mwanafunzi atasema kuwa fundi ametumia theorema ya Pythagoras. Amekaribia, lakini hajafika. Theorema hiyo yasema: ikiwa kona ni ya digrii 90, basi miraba ya pande mbili fupi, ikijumlishwa, ni sawa na mraba wa upande mrefu. Fundi amekwenda kinyume: kwa kuwa 9 na 16 ni 25, basi kona ni ya digrii 90. Hizo ni kauli mbili, na Euclid alizithibitisha mbalimbali, ya 47 na ya 48 katika kitabu chake cha kwanza, kwa sababu kauli ikiwa kweli, kinyume chake hakiwi kweli kwa huruma. Kila nambari inayogawanyika kwa 4 ni shufwa. Lakini si kila shufwa inagawanyika kwa 4, na 6 ni shahidi.

Utadhani huu ni udadisi wa darasani tu. Toka nje basi, utazame barabarani. Mwizi akipigiwa kelele hukimbia; hiyo yaweza kuwa kweli. Lakini akimbiaye si lazima awe mwizi. Yumkini anakimbilia gari, au anakimbia mvua, au amewaogopa wale wanaomkimbiza. Watu wamepigwa mawe na kuuawa na umati kwa sababu umati uliigeuza kauli kichwa chini miguu juu na haukuona kuwa umeigeuza. Ambaye akili yake imezoea kuuliza "je, kinyume chake kimethibitishwa?" ana kinga moja ya kutomwaga damu isiyo na hatia.

Wako wanaoitweza theorema kwa hoja nyingine. Husema: ikiwa theorema yote imo katika kauli za msingi, basi haituletei jambo jipya, imerudia kwa maneno marefu yale tuliyokwisha kuyakubali. Hoja hii ina sehemu ya kweli. Lakini mbuyu nao umo katika mbegu yake, na hapana mtu aliyewahi kupumzika katika kivuli cha mbegu. Kuwamo si kuonekana. Euclid alionyesha kwa mistari michache kuwa nambari tasa hazina mwisho: zidisha pamoja zote ulizo nazo, jumlisha 1, na nambari utakayopata haigawanyiki kwa hata moja katika hizo, kwa sababu daima itabaki 1. Basi ama yenyewe ni tasa mpya, au inagawanyika kwa tasa ambayo hukuwa nayo. Kweli hiyo ilikuwamo katika kuhesabu tangu mwanadamu alipohesabu mbuzi wake wa kwanza, lakini ilikuwa lazima atokee mtu wa kuitoa.

Je, theorema huvumbuliwa kama ziwa, au hutungwa kama shairi? Fikiri mchezo wa bao. Watu ndio waliotunga bao, idadi ya mashimo yake na desturi ya kutia na kuchukua kete. Wangeweza kutunga vingine. Lakini desturi ikiisha kukubaliwa na kete zikapangwa, kama mchezaji aweza kushinda au hawezi si jambo la kupigiwa kura. Limo tayari katika ubao, waliona wachezaji au hawakuliona. Kadhalika hisabati. Kuchagua mwanzo ni kwetu. Kitakachofuata mwanzo huo si chetu. Nami naona kuwa hilo ni fundisho la maisha pia. Mtu huru huchagua tendo lake, lakini hachagui matokeo ya tendo hilo baada ya kulitenda.

Kwa kuwa haitegemei amri, theorema haina mkubwa wala mdogo. Yapata mwaka 1637 yule yule Fermat aliandika ukingoni mwa kitabu kuwa miraba miwili ya nambari nzima yaweza kujumlishwa ikawa mraba, kama 9 na 16 zifanyavyo 25; lakini michemraba miwili haiwezi kujumlishwa ikawa mchemraba, wala vipeo vya nne, wala vya tano, wala vya juu zaidi. Aliongeza kuwa ana uthibitisho wa ajabu, ila ukingo ni mdogo haumtoshi. Dunia ilimheshimu Fermat, lakini haikulichukua neno lake badala ya hoja. Ilingoja zaidi ya miaka 350. Mwezi wa Juni 1993, Mwingereza Andrew Wiles alitangaza huko Cambridge kuwa amepata uthibitisho, baada ya miaka saba ya kazi aliyoifanya karibu yote kwa siri. Magazeti yakamsifu duniani kote. Kisha wakaguzi wakaona pengo katika hoja yake, na sifa zote zile hazikuweza kuliziba. Wiles alirudi kazini, na Septemba 1994, kwa msaada wa Richard Taylor aliyekuwa mwanafunzi wake, pengo likazibwa. Kazi ikachapishwa mwaka 1995. Tazama uungwana wa jambo hili. Mkaguzi hakuulizwa cheo chake, ila aliulizwa tu: pengo liko wapi?

Wala jina lililoandikwa juu ya theorema si hati ya kuimiliki. Vibao vya udongo vya Babilonia, katika nchi ambayo leo ni Iraki, vyaonyesha kuwa watu wa huko walizijua nambari kama 3, 4 na 5, na nyingine kubwa za namna hiyo, zaidi ya miaka 1000 kabla ya Pythagoras kuzaliwa. Theorema ni ya kila aliyeifuata hoja yake mpaka mwisho. Mtoto wa Turkana anayeufahamu uthibitisho wa pembetatu anao wote kamili, kama Euclid alivyokuwa nao, hakupewa kipande.

Na hapa ndipo penye jambo linalokuhusu wewe, msomaji, hasa wakati wa mitihani. Yuko anayeikariri theorema kama kasuku akaandika jibu akapata alama. Alama ni zake, lakini theorema si yake. Anasafiria nyota ya mwenzake, na wingu likiifunika nyota hiyo hajui bara iko upande gani. Mwalimu akigeuza swali kidogo, amepotea. Mtu mwenye sauti kubwa akimwambia kinyume, atamwamini huyo, kwa maana hata kwanza aliamini sauti tu. Lakini aliyeifuata hoja kwa miguu yake mwenyewe hahitaji kumwogopa mtu. Waweza kumpinga mwalimu wake kwa adabu na akawa na haki, na mwalimu mwema atafurahi.

Pamoja na hayo yote, tusiidai hisabati isichokuwa nacho. Hakuna theorema itakayokuonyesha kuwa wampenda mama yako, wala hakimu hawezi kungoja yakini ya Euclid kabla ya kukata shauri. Katika mambo mengi ya dunia tunalazimika kutenda kwa ushahidi ulio bora kuliko mwingine, na anayetaka uthibitisho wa jiometri katika kila neno atakaa kitako mpaka jua litue. Faida ya theorema ni kwamba, baada ya kuonja yakini yenyewe mara moja, ulimi wako unaweza kuitambua ladha yake, na mtu hawezi kukuuzia dhana akaiita yakini. Ukisikia neno kubwa barazani, gazetini au mkutanoni, utajua maswali matatu ya kuliuliza: Limesimama juu ya sharti gani? Mifano yake ni hoja, au ni mifano tu? Na limesemwa kama lilivyothibitishwa, au limegeuzwa? Maswali hayo hayahitaji fedha wala cheo. Yanahitaji akili iliyozoezwa, na pembetatu moja iliyofahamika vizuri yatosha kuanza mazoezi.